Barua ya Kumsifu Mama Biri

Watu wa Rangwi hatujui kushukuru kwa ufupi. Hilo ndilo lililotuponza, na mimi, Nikodemo, mwalimu mstaafu, ndiye niliyeshika kalamu.

Mama Biri jina lake halisi ni Birgit, mtu wa Denmaki, mke wa mtafiti wa misitu. Mume alikuwa na kibali cha kazi na kibali cha ukaazi. Yeye aliishi nchini kama mtegemezi wake, basi. Lakini kwao alikuwa daktari wa mifugo, na ng'ombe wa huku kwetu hawaulizi mtu ana karatasi gani. Kwa miaka mitatu alizalisha, alidunga sindano, alikata kwato, na hakupokea hata senti. Ukimlazimisha sana, atachukua mapeasi mawili na kucheka.

Mwezi wa tano hati yake ilikaribia kwisha, na uhamiaji wakamtaka alete barua ya kijiji ya kumtambulisha. Kassimu, mtendaji wetu, alitaka kuandika mistari miwili: anaishi hapa, tunamfahamu. Nikamjia juu.

"Mistari miwili kwa mtu aliyeokoa nusu ya ng'ombe wa kijiji? Huna haya?"

Kassimu hapendi ugomvi. Akanisogezea karatasi.

Niliandika kurasa nne. Nilipita nyumba kwa nyumba, kila mtu akaeleza alichotendewa, pamoja na tarehe kama anaikumbuka, kisha akasaini au akatia dole gumba. Walikuwa arobaini na mmoja. Hadija, mjane wa bondeni mwenye ng'ombe mmoja tu, aliomba nimwandike mara mbili. Mama Biri hatukumwonyesha. Tulitaka aisikie kule kule ofisini, afurahi. Kassimu akagonga muhuri, nikaifunga bahasha, nikamsindikiza mwenyewe.

Afisa alituamkia vizuri. Alisoma ukurasa wa kwanza, akafungua droo, akatoa rula, akaanza kupigia maneno mistari. Nikadhani ni yale yaliyompendeza. Ukurasa wa pili, rula. Wa tatu, rula.

"Mwalimu, haya yote ni kweli?"

"Kila neno, mwanangu."

"Na mama ana kibali cha kazi?"

"Hajalipwa hata shilingi!"

"Sikuuliza malipo, mzee. Kazi ni kazi."

Hapo ndipo nikaelewa nilichokifanya. Nikasema basi, nimetia chumvi. Akanitazama bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonitisha.

"Na hawa arobaini na mmoja nao wametia chumvi? Niwaite mmoja mmoja?"

Mama Biri akanishika mkono. "Mwache Mwalimu," akasema. "Ni kweli."

Alipewa siku saba za kuondoka. Akiondoka kwa utulivu, angeweza kuomba kibali cha kazi akiwa kwao, na kurudi. Akikutwa amegusa mnyama mwingine ndani ya siku hizo, ni mahakamani, na asahau nchi hii.

"Tutapita kuangalia," afisa alisema.

Walipita kweli. Siku ya tatu gari jeupe liliegeshwa karibu na kanisa, na siku ya nne pia, vioo vimefungwa. Watu tuliozoea kusalimiana mpaka ng'ambo ya bonde tukaanza kupita tumeinamisha vichwa.

Siku ya tano ng'ombe wa Hadija alishikwa na uchungu. Ndama alikuwa amegeuka, mkia mbele. Tulimpigia simu daktari wa mifugo wa serikali. Alikuwa upande wa Malindi, ile ya huku kwetu milimani, na mvua ilikuwa imekata barabara. Nilipofika bandani, Hadija alikuwa na damu mpaka kwenye viwiko. Hakungoja nifungue mdomo.

"Mgoshi, mzee wangu, Mama Biri asiitwe. Gari liko pale juu. Nenda kamzuie."

Nilimkuta yuko njiani tayari, mabuti ya mpira miguuni na mkoba begani. Sauti ya ng'ombe ilikuwa inapanda mpaka pale. Nikasimama katikati ya kijia, mzee wa miaka sabini na mbili, nikatanua mikono.

"Nipishe, Mwalimu. Namsikia. Ni kazi ya dakika kumi."

"Hadija amekataa."

"Anakataa kwa ajili yangu."

"Ndiyo. Na mimi vilevile."

Akanisukuma. Sikusogea. Akanisihi kwa Kiswahili, kisha kwa Kishambaa alichojifunza kwenye mabanda yetu, mwisho kwa lugha ya kwao. Nilimchukia yule afisa, nikaichukia ile barua, nikajichukia mimi mwenyewe kuliko vyote, lakini sikusogea. Tulisimama hivyo karibu saa nzima. Kule chini sauti ikapungua, ikawa ya kukoroma, kisha ikanyamaza.

Mama Biri aliweka mkoba chini. Muda si mrefu tukamsikia Hadija akilia, kilio ambacho sikumsikia akikilia hata siku tulipomzika mumewe.

"Sasa nipishe nikampe pole," Mama Biri akasema. "Au hiyo nayo ni kazi?"

Nikampisha.