Unga wa Mashauzi

Mgongo wangu una miaka kumi na moja unanitafuna. Usiniambie habari za mazoezi wala maji ya moto, vyote nimevimaliza. Kwa hiyo daktari wa mifugo alipotuachia kopo la unga wa maumivu kwa ajili ya Mashauzi, farasi jike niliyeajiriwa kumtunza, aliyeumia mguu wa mbele, nilijiuliza: maumivu si ni maumivu? Nikalamba kijiko. Jamani, siku hiyo niliinama nikafunga viatu mwenyewe, nikacheka peke yangu zizini.

Kijiko kikawa cha kila asubuhi. Mashauzi alitakiwa apewe vijiko viwili kwenye pumba zake. Nikawa nampa kimoja, na baadaye, niseme ukweli, pumba tupu. Kazi nyingine sikumwibia. Nilimsimamisha kwenye maji baridi, nikamfunga bandeji, nikamtembeza uani hatua mia, kisha mia mbili. Yule mnyama nampenda kuliko baadhi ya shemeji zangu.

Habari za unga mama watoto hakuzijua. Alichoona ni mswaki wangu kutoka mwekundu, na madoa meusi mikononi kama ya mtu aliyepigwa. Nikamwambia mswaki ni mgumu, na farasi ananibamiza ukutani. Akaguna tu.

Wiki ya saba daktari alirudi. Nikamtembeza Mashauzi kwenye sakafu ya saruji, na kila alipokanyaga ule mguu kichwa kilipanda juu kwa maumivu. Daktari alimweleza mwenye farasi taratibu kwamba dawa ya wiki saba, tena kipimo kamili, ingekuwa imeshatuliza uvimbe. Kama bado anachechemea hivi, ndani kumeharibika, na kumwacha hai ni kumtesa. Mwenye farasi alitazama chini, akakubali. Daktari akafungua begi, akatoa sindano kubwa.

Kamba nilikuwa nimeishika mimi. Mashauzi akaniwekea kidevu begani, anadai karoti yake. Nikisema, kazi sina. Nikinyamaza, namuua kwa mkono wangu.

“Hakupewa dawa, daktari,” nikasema. “Nimeila mimi.”

Matusi ya mwenye farasi niliyategemea, yakaja, na yalikuwa haki yangu. Daktari hakutukana. Aliirudisha sindano begini, na mimi nikashusha pumzi, nusura nilie kwa furaha. Kisha akanisogelea, akanipandisha mkono wa shati.

“Umekula wiki ngapi, mzee wangu?”

“Zote saba.”

“Fizi zinatoka damu?”

Nikaitikia kwa kichwa. Akanifunua kope kwa kidole gumba, akatazama, uso ukambadilika. Akamwambia mwenye farasi anyamaze. Aliitoa kamba mkononi mwangu taratibu, akampa yeye, akasema unga ule unaharibu damu ya binadamu, ananipeleka hospitali sasa hivi, wala tusipitie nyumbani.

Nilipofika mlangoni niligeuka, nikamwambia mwenye farasi: vijiko viwili, kila asubuhi, kwenye pumba, na asipunguze.