Bangili Inakuja na Mkono

Kwetu mfalme huzikwa, bangili haizikwi. Ndivyo walivyonifundisha kule Kipese siku waliyonivika, mimi nikiwa mtoto, kwenye ua wa babu yangu, Mwami Maliro. Ni bangili ya shaba, nzito, haina pambo isipokuwa alama ya nyundo ya mhunzi aliyeitengeneza, na jina lake hakuna anayelijua tena. Haivaliwi na mfalme. Inavaliwa na binti wa ukoo. Anavishwa kiganja kikiwa bado kidogo, inafungwa kwa uzi isidondoke, kisha kiganja kinakua na bangili inabaki pale pale, haitoki mpaka siku wanawake watakapomwosha amekufa. Na hakuna Mwami anayekalia kiti bila mkono wenye bangili kumshika kiwiko. Kwa hiyo mwenye bangili hasahauliki. Hivyo ndivyo walivyosema, nami nikaamini.

Kabla yangu aliivaa shangazi yangu Marie-Jeanne. Mzungu mmoja wa kodi alitaka kuinunua, shangazi akamjibu aichukue pamoja na mkono. Padri akamwambia ni kitu cha mashetani. Akashona blauzi ya mikono mirefu na akaendelea kupokea komunyo kila Jumapili. Waasi walipokuja aliizungushia kitambaa kama kidonda, akapaka majani ya maharagwe yaliyooza juu yake, nao wakaziba pua wakampisha. Mwanamke huyo nilimpenda kuliko mama yangu, na sioni haya kulisema.

Mimi sina visa vikubwa hivyo. Mimi nilikimbia tu. Vita vilipofika kwetu ukoo ulitawanyika. Kaka yangu, ambaye ndiye alikuwa Mwami, alifika Beni na watu wake na kiti chake. Mimi lori la viazi nililopanda liliishia Butembo, nikabaki huko. Kutoka Butembo mpaka Beni mtu anaondoka asubuhi na anakula cha mchana kule. Lakini ukitazama waliokuja kunisalimu, ungedhani barabara ilikatika. Sina mume, maana mwenye bangili haolewi. Nina chumba nyuma ya nyumba ya Berthe, muuza ndizi, na jina langu Kaswera ni yeye peke yake anayeliita, tena akiwa na haraka.

Kumpikia mtu mmoja ni kazi ya kijinga. Unasonga bugali, unautazama, nao unakutazama. Nikaanza kulala na chai. Nikakonda. Siku moja nafua shuka, bangili ikateleza kwenye vidole ikazama ndani ya povu.

Niliogopa kama mtu aliyeona mkono wake umeanguka. Nilifunga mlango, nikairudisha, nikaikaza kwa uzi mweusi, nikavuta sweta juu yake. Wakubwa wetu walikuwa wakisema kwamba bangili ikitoka yenyewe, mwenyewe amefunguliwa, apumzike. Mimi sikutaka kupumzika. Nimepumzika vya kutosha. Kitu pekee kilichobaki cha kuwafanya waniite kilikuwa kile.

Kaka alikufa, wakamzika kabla sijapata habari. Msiba ulipokwisha, mwanaye Edmond akanipigia simu mimi shangazi yake.

“Tantine, banataka nikalie kiti ya papa. Nitatuma mutu ya pikipiki akamate bangili kwako. Hapana sumbuka kuya.”

“Haitokake,” nikamwambia.

“Hata na sabuni?”

“Edmond, ile hapana montre, hapana saa ya kuvua. Inakuyaka na mukono.”

Kisha akasema sawa, atatuma gari.

Nitasema ukweli, nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nilimwambia Berthe mara nyingi kuliko ilivyofaa kwamba wananitumia gari. Nilinunua uzi mpya, nikaukaza mpaka ngozi ikauma.

Beni kulikuwa na joto, nami sikuvua sweta. Edmond anauza kakao, ana uwanja mpana, na walikuwa wamefunga turubai juu ya viti vya plastiki. Watu wote waliinuka nilipoingia. Jean-de-Dieu, mdogo wa baba yangu, ambaye macho yake sasa hayaoni vizuri, alipapasa mpaka akaishika bangili na akasema, “Kaswera, karibu nyumbani.” Sikumbuki lini mtu alinishika mkono hivyo. Victoire, mke wa Edmond, alinikalisha katikati ya wanawake. Kulikuwa na sombe ya majani ya muhogo, samaki, na bugali mmoja mkubwa wa sisi wote. Wakati huo nilijiambia kwamba sitarudi Butembo. Watanipa kona, nitakaa.

Kisha Victoire akapiga magoti mbele yangu na birika la maji na beseni, kama inavyompasa mke wa ukoo. Nikanyoosha mkono wa kulia, wa bangili nikauficha.

“Yote mbili, tantine,” akasema kwa heshima, akaushika, akapandisha sweta mwenyewe, akamimina. Uzi mpya, kumbe, ukilowa unalegea. Nikakunja vidole, nimechelewa. Bangili ilianguka kwenye beseni, na mlio wake uliwafikia hata waliokaa mwisho wa turubai.

Edmond alitazama beseni, akanitazama. “Kumbe inatokaka,” akasema polepole.

Jean-de-Dieu akauliza ni nini, wakamwambia. Uso wake ukajaa furaha, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

“Binti yangu, mababu wamekufungua. Umebeba muda mrefu. Sasa pumuzika, rudia kwako na amani.”

Wakapiga makofi. Walidhani wananiheshimu. Usingeweza kumkasirikia hata mmoja wao, nami nilitamani sana kukasirika.

Asubuhi walimleta Bénie, binti wa Edmond, meno ya mbele yameng'oka. Wakamvika, bangili ikapanda mpaka kiwiko na kushuka. Victoire alijaribu kuikaza, haikukaa. Hakuna aliyelijua lile fundo la uzi. Basi wakaniita.

Nilipiga magoti mbele ya mtoto. Nikatoa mfukoni mwa sweta uzi wangu wa zamani, ule mweusi, ambao maji hayaulegezi, nikauzungusha kama nilivyozungushiwa mimi siku ile Kipese.

“Itaumiza?” akauliza.

“Hapana. Utazoea.”

“Na kama inatoka?”

Nikakaza fundo kwa meno kwanza.

“Ukuwe unakula na batu, Bénie. Siku zote. Kama unakula na batu, hapana itatoka.”

“Ndiyo, koko,” akasema, maana mimi ni bibi yake, akakimbia kwenda kumshika baba yake kiwiko.

Mimi nikakaa upande wa wageni. Watu waliimba, Edmond akakaa kwenye kiti. Dereva alikuja kuniuliza kama niko tayari, kwa sababu alitaka kufika Butembo kabla ya mvua. Mkono ulikuwa mwepesi, sikujua niuweke wapi, nikaushika kwa ule mwingine mpaka tulipofika.