Betri ya Mama Mwanaharusi

Khatibu alipiga simu asubuhi, na kabla sijamsalimu akaniambia Mama Mwanaharusi anakata roho.

"Umeme wa mtaa wa Kensington umekatika tangu alfajiri, dada Murielle. Tabia, binti yake, kanipigia. Anasema kisanduku chetu kinalia, betri imechoka. Halafu simu yake ikazimika."

"Sasa wewe unangoja nini?"

Akasema Mayfair, mtaa anakokaa, imefungwa. Vijana wa mtaa wameziba barabara kwa magari yao wenyewe, hatoki mtu, haingii mtu. Ilikuwa Septemba 2019, maduka ya wageni, sisi tuliotoka nchi nyingine, yanachomwa Jeppestown na Malvern, jirani na Kensington, na kila mtu alijifungia pale alipokuwa.

Mimi na kaka yangu Hénock tulikuwa na karakana katikati ya mji, karibu na Joubert Park. Tuliunda visanduku vya umeme wa akiba: yeye anachomelea bati, mimi nafunga betri na nyaya. Lakini bati na betri watu wangepata kokote. Sisi tuliuza kisanduku pamoja na ahadi kwamba kikilia, fundi anakuja. Mama Mwanaharusi, mzee wa Tanga mwenye mapafu mabovu, alikuwa anapumua kwa mashine ya oksijeni, kwa hiyo kwake ahadi hiyo haikuwa mchezo.

Na mimi nilijiona hodari wa kupanga! Nilijua wageni wa mji huu hawamfungulii mtu wasiyemjua, basi kila mteja nikampa fundi wa kwao: Wakongo kwa Wakongo, na watu wa Tanga kwa Khatibu. Tetesi za vurugu zilipoanza, nikazihamisha betri zote za akiba kwenda Mayfair, kwenye stoo ya Msomali mmoja, maana kule hawaporwi ovyo. Sasa betri zote, na fundi pekee ambaye yule mama anamfahamu, wako nyuma ya kizuizi kimoja. Ningejizaba kofi kama lingesaidia kitu.

"Na ambulansi?" nikauliza.

"Wamesema hawaingii huko bila polisi."

Karakana ilikuwa imebaki na betri moja tu, ndani ya kisanduku cha mchungaji mmoja wa Berea. Nikaichomoa. Hénock akasimama mlangoni, mikono ameitanua, akanizuia kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi.

"Murielle, beko nauwa batu kule! Wacha niende mie."

"Weye? Batakusimamisha mbele ya kufika Jeppestown. Toka mu njia."

Mwanamume Mkongo wasingemwacha apite. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni labda wasingemtazama mara mbili. Nikaifunga betri kwa kitenge mgongoni, nzito kama mtoto wa miaka miwili, nikaifunika juu kwa blanketi, kama kichwa cha mtoto. Nilikuwa naogopa, na nilimgombeza Hénock ili asione.

Octave, dereva na mwenzetu wa Lubumbashi, alikubali kunichukua. Tulipita njia za nyuma, madirisha yamefungwa, yeye anasali kwa Kifaransa kwenye kila roboti, zile taa za barabarani. Tulipouona moshi mbele yetu akasimamisha gari katikati ya barabara.

"Eish, yaya Murielle, dada yangu. Mie nageukia apa. Niko na batoto."

Nikashuka nikatembea. Maduka madogo ya barabara kubwa yalikuwa yameteremsha mageti, geti moja limeng'olewa, mchele umemwagika hadi barabarani. Mwanamume mmoja aliyekuwa akisaidiana na mwenzake kubeba friji ya soda alinitazama, nami nikampigapiga mtoto wangu mgongoni, nikimnyamazisha. Wakaendelea na friji yao.

Nyumba ya Mama Mwanaharusi, niliyoitafuta kwa anwani ya daftari letu, ilikuwa na geti la bati. Nikausikia mlio wa kisanduku chetu kutoka ndani, pii, pii, na niliujua vizuri mlio ule. Ulikuwa wa mwisho mwisho. Nikagonga.

"Tabia! Fungula! Ni mie Murielle, wa karakana. Minaleta batri!"

Kisha sauti ya msichana, karibu kabisa na geti: "Sikujui. Fundi wetu ni Khatibu."

Alikuwa na haki. Hajawahi kuniona, na hilo nililipanga mwenyewe. Nikampigia Khatibu, nikaiweka sauti ya simu juu, nikaishika simu kwenye geti.

"Tabia, mdogo wangu, fungua," Khatibu akasema. "Huyo ni bosi wangu."

"Kaka Khatibu, wamekushika?" Tabia alikuwa analia. "Wamekulazimisha useme hivyo? Wako wangapi?"

Ndani mama akakohoa, kikohozi kikavu kisichokuwa na hewa nyuma yake, na nikaona kwamba anayeziba njia pale ni mimi: nikisimama pale Tabia hafungui. Nikafungua kitenge. Nikaweka betri chini, na juu yake simu, Khatibu bado yuko hewani.

"Naviacha apa. Minaenda mpaka ku kona, utaniona. Khatibu atakuonyesha vya kufunga. Nyekundu na nyekundu, Tabia. Fanya mbio!"

Nikaenda hadi kona, bila simu, bila mtu. Geti likafunguka kidogo, mikono miwili ikaburuta betri ndani. Nikasimama pale nikisikiliza. Baada ya muda mlio ukakatika, na sikujua kama umekatika kwa sababu mashine imepata umeme au kwa sababu betri ya zamani imekufa kabisa. Nilimwomba Mungu kwa kila lugha ninayoijua.

Geti likafunguka wazi. Tabia akachungulia, uso umelowa machozi.

"Inafanya kazi! Mama anapumua! Dada, nisamehe, njoo ndani!"

Nikakimbia. Nilikuwa nimebakiza nyumba mbili tu wakati wanaume wenye marungu walipokata kona ya upande wa pili, wanaimba kwa Kizulu. Wa mbele akaniona. Kutoka pale alipokuwa hakuliona geti wala Tabia, kwa sababu ya ukuta wa jirani.

"Ingia, dada! Upesi!"

Nikiingia, watajua nyumba ya wageni ni ipi. Bati lile lisingewazuia, na Mama Mwanaharusi hawezi kukimbia hata hadi uani. Nikapunguza mwendo. Nikatazama mbele.

"Funga," nikasema, midomo haichezi.

"Na wewe je?"

"Funga, Tabia!"

Nikasikia komeo likiingia taratibu. Nikalipita geti lile kama mtu asiyemjua yeyote kwenye barabara ile, nikawaendea, nikitafuta kichwani salamu moja tu ya Kizulu ili wanione mwenyeji, na haikuja.