Punje Ishirini

Mwaka jana, 2006, mjukuu wangu Nyakio alikuwa darasa la nane, na mimi nilikuwa nikiuza mboga na minji, zile njegere za kijani, soko la Kangemi. Mama yake alifariki akiwa mdogo, kwa hiyo akitoka shule alikuja moja kwa moja kibandani kwangu. Jirani yangu wa meza ya pili, mama wa samaki, alikuwa akimwekea kiti chake mwenyewe, yeye anakaa juu ya kreti. Hakuwahi kusema lolote juu ya jambo hilo, na mimi sijalisahau.

Siku moja Nyakio alikuja na karatasi yenye nambari sita: moja, moja, mbili, tatu, tano, nane. Mwalimu Were, aliyewafundisha hesabu, ndiye aliyewaandikia ubaoni.

"Ni kama ukoo, Shosho," akaniambia. "Moja na moja wanazaa mbili. Moja na mbili wanazaa tatu. Mbili na tatu wanazaa tano. Kila nambari inazaliwa na mbili zilizoitangulia."

"Na ile moja ya kwanza ilizaliwa na nani?"

"Shosho, bana! Hiyo muulize Mungu."

Mwalimu alikuwa amewaambia watunge mashairi kwa nambari hizo. Mstari wa kwanza silabi moja, wa pili moja, wa tatu mbili, hivyo hivyo mpaka nane. Nilikuwa nikibambua minji, basi nikawa ninamhesabia. Anasema mstari taratibu, nami kwa kila silabi ninaangusha punje moja kwenye sufuria. Shairi zima ni punje ishirini. Mara nyingine niliharakisha, akanisahihisha. Aliposema "mtungi" niliangusha mbili.

"Tatu, Shosho. Funga mdomo useme mmm. Hiyo nayo ina punje yake."

Maneno yalikuwa yake yote. Mimi nilikuwa wa punje tu. Nataka hilo lieleweke, maana siku lilipotakiwa kusemwa sikulisema.

Shirika moja lenye ofisi Westlands lilitangaza mashindano ya mashairi ya hesabu kwa watoto wa darasa la nane. Atakayeshinda angelipiwa karo miaka minne katika shule ya bweni ya wasichana, yenye maabara na maktaba. Mimi nisingeweza kumpeleka huko hata niuze minji za Kangemi nzima. Sharti lilikuwa moja, na Nyakio alinisomea mwenyewe: mwanafunzi aandike bila kusaidiwa na mtu mzima. Alipeleka shairi hili.

La.
La.
Maji
hakuna.
Bomba lasonya.
Shosho abeba mtungi.

Mwanzoni mwa Desemba, mitihani ikiwa imekwisha, Mwalimu Were alikuja mbio sokoni. Waliobaki walikuwa wawili, Nyakio na msichana mmoja wa Jamhuri Estate. Tulitakiwa Westlands Alhamisi, mtoto pamoja na mzazi, waongee na sisi kidogo.

"Ni kuthibitisha tu," mwalimu akasema. "Wamelipenda sana. Nyakio, usiogope, jibu unavyojibu darasani."

Alhamisi tulitembea kwa miguu kando ya Waiyaki Way, viatu vya Nyakio vikiwa kwenye mfuko ili visishike vumbi. Mlangoni bawabu alimwona akivivaa, akampa kitambaa chake afute miguu kwanza. Ghorofani tuliketishwa mbele ya watu wawili. Bi Debra alikuwa na faili. Bwana Nzuki, mzee mwenye miwani, aliinuka akanivutia kiti.

"Mama," Bi Debra akasema, "tumesoma mashairi zaidi ya mia nne. Hili la mjukuu wako lilitunyamazisha. Mimi nimesoma mpaka chuo kikuu na siwezi kuandika hivi. Umelea mtoto wa ajabu."

Sasa, mimi nililelewa hivi: mtoto wako hasifiwi mbele ya wageni ukakaa kimya. Ukikaa kimya unajivuna. Unamshusha kidogo. Mtu akikuambia mtoto wako ni mrembo, unamwambia huyo ni mwizi wa sukari tu. Aliyekusifia anacheka, anaendelea kumsifu zaidi, na hapo heshima imekamilika pande zote. Kule kwetu hata mtoto mwenyewe anajua hayo ni maneno ya adabu.

"Wapi!" nikasema, nikicheka. "Huyu? Huyu hajui kitu. Hata ugali unamshinda. Ni mimi ninamsukuma, yeye kazi yake ni kushika kalamu tu."

Nikangoja wacheke. Bwana Nzuki alianza kutabasamu, akamtazama mwenzake, akaacha. Kalamu ya Bi Debra ilikuwa imesimama.

"Unamsukuma vipi, mama?"

Hata hapo sikuona. Nilidhani ananiachia nafasi nimshushe tena.

"Namhesabia. Bila mimi angekuwa bado yuko mstari wa kwanza."

Bi Debra alimgeukia mtoto. Hakumkemea, nitasema ukweli. Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Nyakio, ni kweli anavyosema shosho wako?"

Nyakio alinitazama. Neno moja lingetosha. Lakini kusema si kweli kulikuwa ni kusema mbele ya wageni kwamba nyanya yake ni mwongo, na ni mimi niliyemfundisha kwamba mkubwa hapingwi mbele za watu.

"Shosho hadanganyi," akasema.

Ndipo nilipoelewa.

"Hapana, hapana, binti yangu," nikamwambia Bi Debra. "Nilikuwa natania. Mimi naangusha minji tu kwenye sufuria. Maneno ni yake."

"Minji?" akauliza.

Nilieleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikika kama mtu anayebuni.

"Mama, umeniambia mambo mawili tofauti," akasema. "Niandike lipi?"

Bwana Nzuki ndiye aliyetuokoa, au alijaribu. "Mpe karatasi," akasema. "Aandike lingine hapa hapa." Akamsogezea Nyakio kalamu yake mwenyewe, ya wino mzuri, na glasi ya maji ambayo alikuwa hajaigusa.

Nyakio aliinama. Midomo yake ilianza kwenda. Mimi nilikuwa sijui kwamba vidole vyangu vinagonga goti, punje, punje, mpaka Bi Debra aliposema, "Mama, tafadhali. Mikono." Nikaikalia mikono yangu kama mtoto wa chekechea.

Aliandika mistari minne. Akaisoma. Akainua macho kuniangalia mara moja, kisha akapiga mstari mmoja juu ya yote aliyoandika, akarudisha kalamu.

"Nimeshindwa," akasema. "Asanteni."

Tulipokuwa tukitoka, Bwana Nzuki alitufuata mpaka kwenye ngazi. Alinipa ile karatasi akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Niliifungua nje, karibu na uzio. Mstari aliokatia ulikuwa mwembamba na maneno yalisomeka yote:

Si
la
Shosho.
Ni langu.

Ilibaki mistari miwili, wa silabi tano na wa silabi nane. Alikuwa amejitetea kwa silabi saba, halafu akaona kwamba silabi hizo zinanifanya mimi mwongo, akazifuta.

Njiani hakulia. Alivua viatu akavirudisha mfukoni. Nilimwambia, "Nyakio, nisamehe," akasema, "Si kitu, Shosho, ulikuwa unaongea tu." Afadhali angenipigia kelele hapo Waiyaki Way watu wote wakasikia.

Mwalimu Were alikwenda Westlands mara mbili kututetea, hakuniomba hata nauli. Walimsikiliza vizuri, wakamwambia mambo yamekwisha. Nafasi ilikwenda kwa msichana wa Jamhuri. Sina neno naye, huenda naye anabeba maji.

Mwezi wa pili Nyakio aliingia shule ya kutwa, wanafunzi sabini na sita darasani. Bado anatunga. Namwona amenipa mgongo kule kwenye kiti cha mama wa samaki, anahesabu kwa vidole ndani ya mfuko wa sweta. Nikimwambia alete nimhesabie, anasema bado hajamaliza. Nikimuuliza kesho, bado hajamaliza.

Na mimi siku hizi namsifu. Namsifu kanisani, namsifu kwenye foleni ya maji, namsifu kwa watu nisiowajua, na nikianza tu yeye huinuka akaenda zake. Jana mwanamke mmoja alisimama mezani kwangu akauliza kama kunde ni za leo. Nikamwambia nina mjukuu anayetunga mashairi kwa hesabu, anayatunga peke yake, hasaidiwi na mtu yeyote.

"Hongera, mama," akasema kwa upole, kisha akauliza tena kama kunde ni za leo.