Wimbo Rahisi wa Bosi

Ijumaa, kazi ikiisha, watu wa kampuni ya vigae walisogeza meza za chumba cha mikutano ukutani. Mhasibu aliunganisha nyaya za mashine ya karaoke, mtu wa mauzo alileta soda, na mpokea simu, ambaye ofisi nzima ilimwita Kinanda kwa ajili ya sauti yake, alikaa pembeni akimchagulia bosi wimbo. Si kazi aliyoajiriwa kuifanya. Lakini bosi alipenda kuimba kama mlevi anavyopenda kutoa ushauri, na koo lake lilikuwa bovu, kwa hiyo ilibidi apatikane mtu wa kumstiri.

Kuchagua wimbo rahisi kuna utaalamu wake. Wa bosi ulipaswa kuwa wa mapenzi, wa taratibu, usiopanda mlima katikati. Uwe na vituo ambapo mtu anaweza kumeza mate bila kuonekana amesahau maneno. Usiwe na neno la kuvutwa, maana bosi akivuta neno lilikatika kama uzi mbovu. Na kiitikio kiwe kinajulikana na kila mtu, ili ofisi nzima ipaaze sauti na kumfunika. Kinanda mwenyewe alisimama nyuma ya bosi na kipaza sauti cha pili, kimepunguzwa, akimshikilia pale anapoyumba. Wakimaliza, makofi alipigiwa bosi. Zamu yake ilipofika, Kinanda naye alijichagulia wimbo wa hovyo hovyo akauimba nusu nusu, kwani nani alitaka kumpita bosi Ijumaa halafu Jumatatu akutane naye kwenye ngazi?

Basi nyimbo rahisi zikaisha. Mashine ilikuwa nazo tele, ila bosi alikwisha kuziimba zote akazichoka. "Nitafutie mpya," alisema, "lakini usiniletee wa kunisumbua."

Hapo ndipo Kinanda alipokosea. Alimpa wimbo ambao haukuwa kwenye mashine kabisa, ule mama yake aliokuwa akimwimbia alipomwogesha utotoni. Hakuna uliokuwa rahisi kuliko huo. Ulitungwa na mtu mwenye sabuni mkononi kwa mtu mwenye sabuni machoni, na haukuwahi kumshinda yeyote. Alimfundisha bosi maneno Ijumaa iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, na mhasibu akatafuta mdundo wa polepole wa kuweka chini yake.

Jioni ile bosi aliimba ubeti wa kwanza kwa koo lake la siku zote. Kwenye kiitikio Kinanda alifungua mdomo amshikilie, na sauti yake ikatokea kinywani mwa bosi. Kinanda naye ukamtoka ule mkwaruzo wa bosi. Bosi hakusita hata kidogo, akaendelea mpaka mwisho, na akauimba vizuri sana. Mtu wa mauzo alisema afadhali mafua yamemwachia bosi. Mhasibu akazungusha soda.

Kinanda alikwenda nyumbani akidhani ni jambo la kupita. Alikuwa akiishi na mama yake, ambaye macho yalikwisha kuzima yote mawili. Mchana mama alibaki peke yake, na tangu siku mwizi alipoingia akijidai fundi wa bomba, alipiga komeo kwa ndani na hakumfungulia mtu mpaka asikie sauti ya binti yake. Utaratibu huo aliuweka Kinanda mwenyewe, tena kwa kusisitiza.

Alibisha.

"Nani?"

"Mimi, mama."

"Mimi nani?"

"Mwanao."

"Mwanangu hana koo la namna hiyo," mama alisema. "Nenda zako kwa amani."

Jirani aliitwa, akamhakikishia kwamba aliyesimama mlangoni ni binti yake, amevaa hata ile blauzi yake ya kijani. Mama akajibu kwamba yule wa bomba pia alikuja na shahidi. Kinanda akalala kwa jirani, kwenye kochi. Asubuhi alimpigia bosi simu, akamweleza, kisha akaiweka simu kwenye tundu la kitasa. "Mama, nifungulie," bosi alisema kutoka kwake, na komeo likafunguka saa ileile.

Kinanda aliingia, akapiga magoti mbele ya kiti cha mama, akaeleza yote bila kuficha kitu. Mama alimsikiliza kwa makini. Alimpapasa paji la uso, pua, na kidevu chenye kovu la kuanguka ngazini.

"Nakuamini," alisema. "Sauti imehama, imekwenda kwa bosi wako. Mambo hayo hutokea."

"Kwa hiyo mimi ndiye mwanao."

"Ningekuwa na macho ningekuchagua wewe," mama alisema. "Lakini uso wako nilishausahau, mama. Mimi nimekaa na sauti miaka yote hii. Ndiyo iliyonipa dawa, ndiyo iliyonisomea magazeti, ndiyo iliyonigombeza nilipotaka kupika mwenyewe. Sasa nikae na wewe, nitakuwa nakaa na nani?" Akakiachia kile kidevu. "Huyo bosi wako huwa ana nafasi lini?"

Kinanda aliumia. Aliumia sana, na hata kulia hakuweza kulia ipasavyo, kwani kilio kilichomtoka kilikuwa cha mwanamume wa makamo, na mama alimwomba akalie uani.

Jumatatu mteja wa kwanza kupiga simu aliomba radhi na kukata, akidhani amepiga gereji. Kufikia mchana Kinanda alihamishiwa ghalani kutenganisha vigae vizima na vilivyovunjika, kazi isiyohitaji maneno. Alipiga moyo konde akapanda juu.

"Bosi, naomba sauti yangu."

Bosi alimtazama kwa huruma ya kweli. "Kinanda, mimi sikuiomba," alisema, na Kinanda akajisikia anajibiwa na yeye mwenyewe. "Imekuja yenyewe. Tena wimbo nani alinichagulia?"

"Mimi."

"Umeona?"

Hakuwa mtu wa roho mbaya. Alimwagizia dawa ya koo kwa pesa yake, na akasema akihitajika kwenye ule mlango wasimwonee haya.

Mhasibu ndiye aliyemfuata ghalani kumliwaza. "Dada, usilikuze hili jambo," alisema akijipangusa vumbi la vigae. "Kazi si bado unayo? Mimi kiuno changu nimekiacha kwenye kile kiti cha juu, na hakuna aliyewahi kunirudishia." Kinanda aliendelea kutenganisha vigae. Alichukia kusema, maana kila aliposema aliona kama bosi yumo ndani yake amekaa amekunja nne.

Bosi alianza kwenda kwa mama kila Jumapili. Mwanzoni alikaa dakika chache, koti mkononi, macho mlangoni. Baadaye alizoea. Kwake hakuna aliyemsikiliza, alisema, watoto walipandisha sauti ya televisheni kila alipofungua mdomo, na hapa palikuwa na mtu anayegeuza uso mzima kumwelekea kila aliposema hata "nipitishie chumvi". Mama alimwita mwanangu. Alimwekea kile kiti cha karibu na dirisha na kipande kizuri cha nyama, na akamgombeza kwa kukonda, ingawa alikuwa na tumbo. Kinanda alipika, akapakua, akakaa upande wa mlangoni. Kikombe alichopewa kilikuwa kile cha wageni.

Usije ukadhani mama alimtesa. La. Alimwambia asante kila alipoletewa dawa, alimwuliza kama amelala vizuri, alimshika mkono wakivuka barabara kwenda zahanati. Alikuwa na adabu naye kabisa. Hiyo adabu ndiyo iliyokuwa ikimmaliza Kinanda, kwa sababu mama hakuwahi kuwa na adabu naye hata siku moja, tangu azaliwe, na yeye hakuwahi kuihitaji.

Ofisini nako mambo yalinyooka. Ijumaa bosi alianza kuimba nyimbo ngumu, zile za kupanda na kukaa juu, na wafanyakazi waliacha kupiga makofi ya woga wakapiga ya kweli. Wengine walitokwa na machozi. Kinanda aliendelea kukaa pembeni kuchagua, ila sasa alichagua kwa ajili yake mwenyewe. Alitafuta wa taratibu, usiopanda, wenye vituo vya kumeza mate. Utaalamu haukupotea.

Jumapili moja, wakiwa wamemaliza kula, mama alijifuta mikono akasema, "Mwanangu, niimbie ule wa kuogea."

Bosi alikohoa. Tangu apate sauti alikuwa ameimba nyimbo nyingi kubwa, na huu mdogo ulimtoka kichwani. Alimgeukia Kinanda, akainua nyusi, kama afanyavyo ofisini. Kinanda alijua maana yake. Angeweza kukaa kimya. Alifikiria kukaa kimya. Lakini mama alikuwa ameinamisha kichwa, tayari anatabasamu, na ule wimbo alikuwa hajausikia tangu Kinanda apoteze koo lake.

Basi akasogea nyuma ya kiti cha bosi, mahali pake pa siku zote, akaanza kumnong'onezea maneno, mstari mmoja mmoja. Bosi aliyapokea na kuyaimba. Sauti ilijaa chumba kile kama ilivyokuwa zamani, Kinanda alipokuwa akiosha vyombo na mama akikaa palepale. Ni sauti nzuri. Kinanda hakuwahi kuisikia kutoka nje kwa karibu hivyo, na alitaka kuilaani akashindwa.

Mama alikunja uso. Aliinua mkono kuelekea kule mkwaruzo ulikokuwa ukitoka.

"Wewe mgeni," alisema kwa upole, "samahani, nyamaza kidogo. Nataka kumsikia mwanangu."

Kinanda akanyamaza. Ubeti wa pili bosi alikwama, na mama mwenyewe ndiye aliyemkumbusha.