Upindo wa Mguu wa Kushoto

Wifi yangu ni fundi cherehani mwaka wa kumi na moja sasa, na hajawahi kukosea upindo. Kwa hiyo Alhamisi, nilipoijaribu suruali mpya ya kukimbilia na mguu wa kushoto ukawa mfupi kuliko wa kulia kwa kidole kizima, kwanza aliilaumu rula. Akapima tena. Akakagua mshono. Kisha akanitazama miguuni.

"Siku ile nilipokubandika pini ulisimamaje?"

"Kawaida."

"Kawaida ya nani? Uliuegemea wa kulia kama korongo, wa kushoto ukaukunja, na mimi nikapima toka sakafuni nikidhani umenyooka." Akavua miwani. "Mficha maradhi kifo humuumbua, wifi. Wewe umeumbuliwa na suruali."

Nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea kucheka.

Wiki saba zilizopita nilikuwa nateremka kilimani na kikundi chetu cha mbio za porini, nikakanyaga mzizi uliolowa. Kifundo cha mguu kikateguka, goti likachunika. Daktari aliandika "majeraha madogo", na hayo madogo ndiyo yaliyonimaliza. Ukivunjika mfupa watu wanakuja kukupa pole. Ukiteguka wanakuuliza, bado tu? Nilipewa ratiba: tembea dakika nne, kimbia moja, kwenye tambarare tu, uongeze kidogo kila wiki. Wiki ya tano dakika hiyo moja ilikuwa bado inanichoma, na Kocha akaniuliza hali yangu mbele ya wenzangu. Kwa kuona haya nikasema nimepona.

Kufikia Alhamisi hiyo, mbio za kupokezana zilikuwa zimebaki wiki mbili. Timu ni watu wanne, na kipande cha mwisho, cha mteremko, ni changu. Kazini, kwenye maabara ya kupima maji, majibu yangu naandika vizuri, lakini nikiulizwa swali kikaoni sauti inanikauka. Chuoni nilimaliza miaka mitatu bila kunyoosha mkono. Mteremkoni tu ndipo sijawahi kuona haya. Pale mguu unajua pa kukanyaga kabla sijafikiri. Nikipokonywa hapo nabaki na dawati na chumba.

"Usimwambie kaka," nilimsihi wifi.

"Mimi sisemi. Lakini Jumamosi ukienda huko, mguu nao utausihi?"

Nilikwenda. Lilikuwa jaribio la mwisho, na kila mtu alitakiwa kukimbia kipande chake bila kusimama. Nilijifunga bendeji mpaka vidole vikawa vya baridi. Nyuma yangu alikuwepo Twiga, mkimbiaji wetu wa akiba, msichana wa miguu mirefu asiye na maneno mengi, na nyuma yake Kocha na saa yake.

Mita mia za kwanza nilikimbia kwa kuomba. Kila jiwe nililiomba. Halafu nikauona ule mzizi, mkavu kabisa, haufiki hata unene wa mkono wangu. Mguu ulikataa. Haukuuma wala haukuteguka, ulikataa tu, nikajikuta nimeukumbatia mti.

Twiga akanipita. Nikasikia viatu vya Kocha vinakuja.

"Kamba ya kiatu imelegea," nikasema, nikainama.

Haikuwa imelegea. Niliifungua nikaifunga, nikaifungua tena, nikitumaini atachoka aendelee. Badala yake akaketi kwenye mawe.

"Hiyo kamba ina mafundo mangapi sasa?"

Machozi yalidondokea kiatuni. "Sijapona, Kocha."

"Tangu lini?"

"Sijawahi kupona."

Akaizima saa. Nilingoja anifariji, wakubwa hufanya hivyo ukilia. Hakunifariji.

"Ungeniambia wiki mbili zilizopita," alisema polepole, "Twiga angeshaijua njia hii. Sasa namwingiza kwenye mteremko asioujua, aumie na yeye. Hilo ulilifikiria?"

Sikuwa nimelifikiria. Katika wiki zote zile za kuuhurumia mguu wangu, sikuwa nimefikiria mguu wa mtu mwingine.

"Nafasi ni yake," akasema, akasimama. "Wewe teremka kwa miguu. Na kila penye utelezi umwonyeshe, unapajua kuliko mimi."

Twiga alikuwa amesimama chini kwenye kona. Tuliteremka pamoja saa nzima. Nikamwonyesha mzizi, kokoto zinazobiringika, jiwe linaloonekana imara na kumbe linacheza. Nilizungumza kuliko nilivyowahi kuzungumza na mtu, na kila neno lilikuwa kama kumkabidhi nguo zangu moja moja. Alisema, "Asante, dada," nikatamani asingesema.

Jioni wifi hakuuliza. Alitazama macho yangu, akachukua wembe, akafumua upindo, akanipandisha kwenye kigoda.

"Simama na miguu yote miwili."

"Nimesimama."

"Umesimama na mmoja. Huo mwingine umekuja kutembea, kama mgeni."

Nikaushusha wa kushoto, nikauwekea uzito wangu taratibu. Ulichoma kuanzia kifundoni mpaka gotini. Nilishika ukingo wa kabati.

"Unauma?"

"Unauma."

"Sana?"

"Sana, wifi."

Hakusema pole. Alipiga magoti sakafuni, pini mdomoni, akaiweka rula.

"Basi usiuondoe," alisema kati ya meno. "Zimebaki pini nne."