Nyumba Isiyo na Milango

Asubuhi ile Eseza aliipiga pasi suti ya mumewe, akamfunga tai na kumng'arishia viatu. Kwao Masaka mtu haendi ofisi ya serikali ovyo ovyo. Winifrida, Mtanzania aliyekuwa mkalimani wao, alipowaona stesheni ya treni ya Akalla, huku ughaibuni, alishika kiuno.

"Dada, umempamba tena kama bwana harusi. Mwaka jana si walimnyima malipo ya ugonjwa kwa suti hii hii? Waliandika ni nadhifu na mtulivu."

"Sasa nimlete na matambara?"

Mume huyo, Mukasa, alipigana vita kwao Uganda kabla ya kuhama, akatoka bila hata mkwaruzo, na hapo ndipo penye balaa: kidonda cha kichwani hakina bandeji ya kumwonyesha daktari. Akikataliwa tena leo, Jumatatu atarudi kazini ghalani, ndani ya milango ya chuma, ambako mara ya mwisho alimkaba msimamizi koo.

Ofisini, daktari wa bima ya serikali aliwakaribisha chumbani, akafunga mlango. Eseza aliona jasho likimtiririka mumewe shingoni, likilowesha kola aliyoinyoosha mwenyewe.

"Unalala vizuri?" daktari aliuliza, Winifrida akatafsiri.

"Vizuri sana, afande."

"Nyumbani kuna shida?"

"Hakuna shida."

Daktari akafunika kalamu yake. Winifrida alimtazama Eseza kwa macho ya kusihi, maana mkalimani hutafsiri alichosikia, haongezi chumvi. Eseza aliogopa. Alilelewa kusitiri aibu ya nyumba, lakini sitara hii ilikuwa inammaliza mumewe.

"Mwambie daktari, karibuni nyumbani," alisema.

Winifrida alishangaa. Miaka miwili alikuwa akipokelewa ngazini, hata chai hajaonja, na moyoni alishamwita Eseza mchoyo.

"Njooni muone. Vyumbani hatuna mlango hata mmoja. Ameing'oa yote kwa bisibisi, hadi wa choo. Mlango ukifungwa, anasikia wenzake wakichomwa moto upande wa pili. Mgeni nitamkaribisha vipi?"

Mukasa aliinamisha kichwa. "Eseza, umenivua nguo."

"Nimekuvua, Baba Kato. Nimechoka kukuvalisha."

Winifrida alitafsiri yote, hata hayo. Daktari alifunua kalamu, akangoja. Mukasa alilegeza tai.

"Daktari," alisema, safari hii bila afande, "naomba ufungue mlango."

Daktari aliinuka, akaufungua.